Jani la Sale Nililolipokea

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Jirani yangu alikuja mpaka mlangoni mwa jiko langu ameshika jani la sale kwa mikono miwili, akaniomba msamaha kwa sababu mtoto wake alikuwa amepona. Nami nikalipokea lile jani. Nikamwambia nimemsamehe.

Wewe uliyezaliwa mjini huenda sale unalijua kama mmea wa pambo tu, ule wenye majani marefu unaopandwa kwenye vyungu mbele ya hoteli. Huku mlimani masale ndiyo mpaka wa shamba na shamba, na ndiyo maneno ya mtu aliyeishiwa maneno. Kwa Wachaga, na hata kwetu Wameru, ukimkosea mtu mpaka huna la kusema, unakata jani la sale unamwendea nalo. Aliyekosewa akiliona hana ujanja, lazima moyo ulegee. Jani hilo halichezewi, wala halibebwi na mtu asiye na kosa. Hapo ndipo penye habari yangu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu wifi yangu, mama yako, ameniambia umejitoa kwenye grupu la jumuiya yenu huko Njiro. Anasema mwenzako mmoja amejifungua, akaweka picha ya mtoto na ushuhuda mrefu, watu wakajaza amina chini yake, nawe wiki ileile umetoka hospitali na mimba ya pili imeharibika. Mama yako alitaka shangazi nikukanye. Sikukanyi, mwanangu. Aliyeungua jana akishtuka leo kwa kuona moto, nani wa kumkanya? Ila hapo ulipo nimewahi kukaa, tena nilikaa muda mrefu kuliko inavyofaa, na njia ya kutokea naijua.

Dada yako Pina unamjua kama fundi wa nguo asiyesikia wala kusema. Wewe hukumwona alipokuwa mdogo. Alizaliwa na masikio yake mazima, na alikuwa msemaji hasa, anaongea na kuku, anaongea na migomba, akikosa wa kuongea naye anajisimulia mwenyewe. Ukimwita, hata akiwa kule bondeni, anaitika "Abee!" kwa sauti ya kupasua, mpaka wapita njia wanacheka. Ng'ambo ya ua wa masale alikaa Mama Manka, Mchaga aliyeolewa huku kwetu, na binti yake Manka alilingana umri na Pina. Ua ule ulikuwa na mwanya karibu na mgomba mmoja mkubwa, na watoto walivyokuwa wakipita hapo kutwa nzima, hata nyasi zilikoma kuota.

Walipokuwa wanakaribia umri wa chekechea, homa ya uti wa mgongo ilipita huku kwetu. Wote wawili waliugua juma moja. Tulilazwa wodi moja, vitanda vimekaribiana, dawa ileile, nesi yuleyule. Uji alioleta mama mkwe wangu waliunywa wote. Mwinjilisti wa mtaa wetu alikuja kuwaombea, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu alisimama katikati ya vitanda, akaweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha Manka na wa kushoto juu ya kichwa cha Pina, akaomba sala moja kwa wote wawili. Mimi na Mama Manka tulikuwa tumeshikana mikono. Tukaitikia amina kwa pamoja, na siku hiyo sikuona tofauti yoyote ya kulia na kushoto.

Homa ikashuka kwa wote. Tukarudi nyumbani tukiwa tumewabeba migongoni, tunaimba njia nzima kama wanawake waliotoka harusini. Kesho yake nilikuwa napika, mfuniko wa sufuria ukaniponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Kuku waliruka, mimi mwenyewe nilishtuka. Pina alikuwa amenipa mgongo, anachezea maganda ya ndizi, na hata bega halikutikisika. Nikauokota mfuniko nikaudondosha tena, safari hii kwa makusudi. Kisha nikamwita jina lake. Niliendelea kuliita mpaka mama mkwe akaja mbio kutoka shambani akidhani kuna nyoka.

Daktari alitueleza kuwa homa imeondoka na masikio, na dawa ya kuyarudisha hana. Baba Pina alikuwa Nduruma kwenye shamba letu la mahindi. Alipanda huku mlimani, akasikia habari, akakaa kwenye kigoda akashindwa kula, kisha akarudi Nduruma, maana mahindi hayangojei mtu mwenye majonzi. Nikabaki mimi na mama mkwe wangu, Bibi Abigaeli, mwanamke wa maneno machache aliyewahi kuzika watoto wawili.

Sasa nikuambie wivu ulivyoniingia. Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini mimi nilijiona nina sababu, tena nzuri. Kila jioni Mama Manka alisimama uani kwake akaita, "Manka!" na sauti ndogo ikaitika, "Abee, mama!" Ni hilo tu, mwanangu. Neno ambalo kila mtoto wa kike aliyelelewa vizuri analisema kutwa bila kulifikiria. Mimi nilikuwa naacha kumenya ndizi, kisu mkononi, nalingoja. Likishasemwa, nilimchukia yule mtoto. Usiuruke mstari huu kwa kuwa ni shangazi yako anayeandika. Nilimchukia mtoto mdogo aliyekunywa uji wa bakuli moja na mwanangu, na kosa lake lilikuwa kuitika anapoitwa na mama yake.

Nikaanza na mambo ya mkono wa kulia. Kwa nini mwinjilisti hakusimama akitazama upande wa pili? Kwa nini mimi nilikubali kitanda cha dirishani? Nikajiambia kumbe hata mbinguni kuna kulia na kushoto, na sisi tumewekwa upande wa mbuzi, wa kukataliwa. Kanisani nilikuwa simsikilizi mchungaji, namtazama Mama Manka. Akiimba kwa nguvu, nilisema anajionyesha. Akiimba polepole, nilisema anajifanya kunihurumia. Akileta maziwa, nilisema anataka kuninyamazisha. Asipoleta, nilisema ameshatusahau. Mwenye wivu hakosi cha kula, hata mezani pasipo na kitu.

Wakati huo maneno ya Pina yalikuwa yanapungua. Mtoto asiyesikia hakai na maneno, yanamtoka moja moja. Lilianza kuondoka jina la paka, likafuata la bibi yake, na la mwisho kubaki lilikuwa "maji," nalo likaja kuwa sauti tu isiyo na herufi. Watu walinifariji. Subira yavuta heri, kila mmoja aliniambia, mpaka nikatamani kuiona subira nayo inaugua. Mmoja wa kwaya aliniambia labda imani yangu ilikuwa ndogo kuliko ya Mama Manka. Mtu akikuambia hivyo, mwanangu, mpe chai ya moto sana, apate kazi ya kuipuliza.

Watoto wenyewe hawakuwa na habari na haya. Manka alipita kwenye mwanya kama kawaida yake. Aligundua mwenyewe kwamba akikanyaga ardhi kwa kishindo karibu na Pina, Pina anageuka. Wakaanza lugha yao. Vidole viwili puani ni paka, kiganja shavuni ni kulala, kupepea viwiko ni kuku wa bibi. Siku moja nilitoka jikoni nikamwona Manka anamwonyesha Pina kitu kwa kufumbata mikono kifuani na kuuvuta uso chini, na Pina akageuka kunitazama mimi. Nikaelewa. Ile ilikuwa ishara yangu. Ndivyo "mama" alivyosemwa katika lugha yao.

Damu ilinichemka. Badala ya kujiuliza kwa nini uso wangu umekuwa hivyo, nikachukua panga, nikakata matawi ya mchongoma, nikaziba ule mwanya kwa miiba juu mpaka chini. Nilimwambia mama mkwe nazuia mbuzi. Alinitazama, akaendelea na kazi yake. Manka alikuja akakuta miiba. Nilimsikia akikanyaga ardhi upande wake, akikanyaga tena na tena, lakini Pina alikuwa mbali na kishindo hakikumfikia. Baadaye Pina alikwenda mwenyewe kukaa pale penye miiba na kijiti cha kuchezea. Akawa anakwenda kila siku. Baada ya majuma kadhaa alikuwa haonyeshi tena paka wala kuku, anaomba chakula kwa kunivuta kanga. Niliona, mwanangu. Niliona Pina anafungiwa mlango wa pili, na safari hii aliyeufunga hakuwa homa.

Mama Manka alikuwa bado hajatoa shukrani kanisani. Desturi unaijua, familia inatoka nyuma ya kanisa mpaka madhabahuni ikiimba, imebeba mkungu wa ndizi na jogoo, majirani wanaisindikiza, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada pale nje. Mwenzangu alikuwa anaahirisha kila mwezi kwa ajili yangu, jambo nililokuja kulijua baadaye. Wakwe zake walipochoka kungoja, wakapanga Jumapili. Akaja kunialika nimsindikize. Ilimbidi azunguke njia ya barabarani, kwa kuwa mwanya nilikuwa nimeuziba.

"Mama Pina," aliniambia, "bila wewe miguu yangu haitafika kule mbele. Tuliuguza pamoja."

"Nenda tu," nilimjibu. "Mungu wako anasikia. Wangu amekuwa kama Pina."

Nililisema taratibu, bila ukali, huku naendelea kupepeta mahindi. Nililitazama lilivyomwingia. Rangi ya uso ilimbadilika, akaaga. Na mimi nikaona raha, maana kwa mara ya kwanza tangu wodini nilikuwa nimegawana naye kitu.

Kesho yake ndipo akaja na jani. Alisimama mlangoni, hakukanyaga ndani. Aliniambia hajui ni neno gani alilonikosea, ila anajua kwamba mtoto wake akipita mbele yangu naumia. "Nisamehe, dada," alisema. "Nisamehe kwa kuwa wangu amepona." Nilipangusa mikono kwa kanga, nikalipokea jani, nikamwambia nimemsamehe. Alinishukuru, akaondoka ameinamisha kichwa. Nakuambia kweli, nilijisikia vizuri. Nilijiona mama wa kanisa mwenye moyo mpana, nikalichomeka lile jani juu ya mlango wa jiko ili kila anayeingia alione.

Bibi Abigaeli alikuwa ndani, anakoroga loshoro. Aliendelea kukoroga mahindi na maziwa yake mpaka yakakubali, akaonja, akaweka mwiko chini. Ndipo akauliza lile jani ni la nini. Nikamweleza, tena kwa kujigamba kidogo, jinsi jirani alivyonyenyekea na jinsi nilivyomsamehe.

"Amekosa nini?" aliuliza.

Niliinama nikaanza kuokota maganda ya ndizi sakafuni.

"Nakuuliza, mke wa mwanangu. Huyo uliyemsamehe, alikosa nini?"

Nilitafuta kichwani kote, nikapita kwenye maziwa, nikapita kwenye nyimbo, nikafika mpaka kwenye mkono wa kulia wa mwinjilisti, na popote sikuona kosa ninaloweza kulitamka mbele ya mwanamke yule. Ukilipokea sale umeshasema mtu amekukosea. Mimi nilikuwa nimelipokea kwa sababu mtoto wa mwenzangu anasikia. Niliona aibu, nikakaa chini palepale kwenye maganda.

Ninayoyaandika sasa ni maneno yake kama nilivyoyabeba miaka yote. Hakuyasema kwa ukali. "Yale makaburi kwenye migomba unayajua," alisema. "Nilipomzika wa pili nilikwenda bondeni nikamfokea Mungu mpaka sauti ikakauka. Hakunipiga. Ni Baba, anavumilia. Wewe una kesi na Mungu, na si kesi ndogo, lakini unaogopa kuipeleka kwake, unaipeleka kwa Mama Manka. Yule ni mwanamke tu anayepika kama wewe. Hakumponya wake, wala hakumnyima wako. Jani hilo limebebwa na asiyestahili kulibeba. Lirudishe."

Nikamuuliza, nikilia sasa, kama ana maana nisiombe tena Pina asikie.

"Omba," alisema. "Omba mpaka siku yako ya mwisho, na mimi naomba. Lakini usimngojee Mungu pale tu ulipomwambia apite. Bwana wetu alipofufuka alitoka na makovu yake mikononi. Kwa nini hayakufutwa sijui. Ninachojua ni kwamba alikuwa hai." Akachukua mwiko wake akaendelea kukoroga, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni ile nililichomoa lile jani juu ya mlango, nikaenda penye mwanya nikaanza kuondoa mchongoma kwa mikono. Miiba ilinichoma vizuri tu, sikulalamika. Pina alikuja akasimama nyuma yangu kutazama. Nilipokuwa nimefungua nafasi ya kupita, nikaona uani kwa jirani kitu ambacho sikukitegemea. Mama Manka alitoka jikoni kwake kumtafuta Manka, ambaye alikuwa mwisho kabisa wa shamba lao, kule kwenye kahawa. Hakuita. Alitembea shamba lote, akampita ng'ombe, akaruka mfereji, akafika, akamgusa mtoto begani. Manka akageuka, wakarudi pamoja bila sauti.

Nilisimama na lile jani mkononi, nikaanza kukumbuka. Ni lini niliisikia mara ya mwisho ile "Abee"? Sikuweza kukumbuka. Ilikuwa imekoma zamani, tangu nilipoziba mwanya, na mimi jioni zote zile nilikuwa nikilisikia kichwani tu na kulionea wivu neno ambalo halisemwi tena. Mwenzangu alikuwa anamwita mtoto wake mzima kwa kumgusa bega, kama ninavyomwita wangu asiyesikia, ili mimi nisiumie.

Nikapita. Nikampelekea jani kwa mikono miwili kama alivyonipelekea. Alipoliona alirudi nyuma. "Usinifanyie hivyo, dada," alisema. Nikamwambia jani hilo halikuwa lake kulibeba, mwenye kosa ni mimi. Alilipokea akalikumbatia kifuani, tukalia pale uani mpaka ng'ombe akatushangaa. Tulipotulia, nilimwomba kitu kimoja.

"Mwite," nilimwambia.

"Nani?"

"Manka. Mwite kwa sauti yako ya zamani."

Alikataa. Nikamsihi. Manka alikuwa ameshakwenda nyuma ya nyumba. Mama yake aliita mara ya kwanza kwa sauti ndogo, nikamwambia bado. Akajaza kifua akaita, "Manka!" Nyuma ya nyumba ikatoka ile sauti, "Abee, mama!" Sikudanganyi, mwanangu, iliuma. Iliuma kama siku ya kwanza, hakuna kilichopungua. Tofauti ni kwamba safari hii sikukimbia, na mkono wa Mama Manka ulikuwa ndani ya wangu kama tulipokuwa wodini.

Manka alikuja mbio, akaona miiba imeondoka, akatupita sisi wote wawili bila hata shikamoo. Alifika kwa Pina akakanyaga ardhi kwa kishindo. Pina aligeuka. Alitulia kidogo, kama anatafuta kitu alichokiweka mahali, kisha akapeleka vidole viwili puani. Paka. Lilikuwa limebaki. Halafu akaninyooshea mimi kidole, akafumbata mikono, akauvuta uso wake mdogo chini mpaka mdomo ukapinda, na Manka akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ndiye yeye, mama. Nikacheka na machozi yakiwa bado yananitoka.

Jumapili nilimsindikiza Mama Manka, Pina mgongoni. Watu waliimba, mimi sikuweza, midomo ilikataa kabisa. Nilitembea tu nyuma ya jogoo na mkungu wa ndizi mpaka mbele. Mwinjilisti alituwekea mikono tena, na sikutazama ni upi. Siku ile imani yangu yote ilikuwa miguuni, na nadhani Mungu aliipokea hivyohivyo.

Pina hakusikia. Nakuambia hivyo mapema usije ukadhani natunza muujiza wa mwishoni. Alikwenda shule ya watoto viziwi, akajifunza lugha ya alama ya kweli, na kila likizo Manka alidai kufundishwa yote mapya. Leo Pina anashona mjini, na gauni ulilovaa siku ya kipaimara ni la mkono wake. Manka anafanya kazi Dodoma. Wakipigiana simu ya video mikono inaruka, wanacheka, na mimi niliyekaa pembeni siambulii kitu, maana alama zao nyingi sizijui. Hata hapo huwa naona wivu, unajua? Manka anayajua ya mwanangu kabla yangu. Naona wivu, namshukuru Mungu, nakwenda kuwapikia chai. Yote matatu yanawezekana kwa jioni moja.

Basi shika haya, mwanangu. Lia. Funga mlango ulie, na Mungu mwambie yote, hata yale ambayo ungeona haya kumwambia mchungaji. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Bwana wetu analijua hilo kuliko watu wote wa jumuiya yako, kwa kuwa anayo makovu ya kwake. Ila kesi yako na Mungu usimpelekee mama wa watu. Mtoto wake hakuchukuliwa kwenye fungu lako. Usingoje wivu uishe ndipo uende kumwona, maana huenda usiishe. Nenda nao. Peleka nguo ya mtoto au sabuni, na kama kumshika mtoto huwezi, mtazame tu uondoke. Siku nyingine utaweza zaidi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ingawa najua si neno la kumwambia mtu siku koleo lake linapovunjika, ndiyo maana nimengoja mpaka sasa kulisema.

Wala sikuahidi kwamba utapata mtoto. Naomba upate, kila asubuhi naomba, lakini nikikuahidi nitakuwa nimekusemea Mungu ambacho hakunituma. Tumaini letu sisi Wakristo halikai kwenye kupewa alichopewa jirani. Linakaa kwa Yeye aliyetoka kaburini na makovu yake, akawatafuta waliokuwa wamejifungia ndani kwa hofu, akaingia walimokuwa. Na kwako ataingia, mlinzi wa geti lenu apende asipende. Huenda akaja amevaa sura ya yule yule mwenzako uliyemkimbia kwenye simu.

Mungu wa Bibi Abigaeli akutunze, mwanangu. Aliyekaa nami jikoni wakati sina la kusema, akae nawe. Akupe masikio ya kumsikia mtoto wa jirani akiitika, na kama bado inauma, akupe miguu ya kuvuka ua. Na siku utakapofika mlangoni kwa mwenzako, ukute tayari amekutengea kiti.